UZI: Pesa ya mayatima ilitoka wapi, na mbona imekwama kwa elfu mbili?

1/ Kila msimu wa siasa lazima usikie mambo matatu kuhusu pesa ya mayatima. "Ni sisi tuliileta." "Inafanya watu wawe wavivu." "Wasichana wanazaa ndio wapate." Wacha tufuate historia yake polepole. Hapa hakuna chama wala jina la mwanasiasa, ni tarehe na hesabu tu.

2/ Tuanzie 1999, serikali ilipotangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Waliokuwa wanakufa wengi walikuwa watu wazima wenye watoto wadogo. Mtoto akabaki kwa nyanya, kwa shangazi, ama kwa kaka yake ambaye pia ni mtoto. Kitambo ukoo ndio ulibeba mayatima. Lakini ukoo ukizika vijana wake mmoja baada ya mwingine, nani anabaki wa kubeba?

3/ Misaada mingi ilikuwa ya vitu: chakula, sare, blanketi, ama mtoto apelekwe nyumba ya watoto. Wazo jipya lilikuwa hili: mtoto abaki kwa jamaa zake, na anayemlea apewe pesa taslimu. Yeye ndiye anajua kama wiki hii shida ni unga, karo ama dawa.

4/ Majaribio yalianza 2004 kwa familia 500 hivi, Garissa, Kwale na Nairobi, kwa msaada wa UNICEF. Kiwango cha kwanza kilikuwa shilingi 500 kwa mwezi. Kufikia 2007 kilikuwa 1,500, na mpango ukawa umeingia Kisumu, Homa Bay, Migori na Suba.

5/ Nani alipata? Kamati za wenyeji ziliorodhesha familia maskini zenye yatima, ama ambazo mlezi ni mgonjwa wa muda mrefu. Majina yakapelekwa barazani, watu wakubali au wapinge. Pesa ikachukuliwa posta, baadaye benki. Wapokeaji wengi walikuwa wanawake, na wengi wao nyanya.

6/ Je, ilisaidia? Hapa Kenya ilifanya jambo la maana. Mwaka wa 2007 lokesheni 28 ziligawanywa kwa bahati nasibu: 14 zianze kupokea, 14 zisubiri. Watafiti wakarudi 2009 na 2011 kulinganisha. Ndiyo maana tunaweza kujibu zile hoja za majukwaani bila kubahatisha.

7/ Shule: msingi, tofauti ilikuwa ndogo, manake masomo yalikuwa bure tangu 2003. Tofauti ilionekana sekondari, penye karo na sare za bei. Watoto, hasa wavulana, pia walipunguziwa kazi za shamba la nyumbani.

8/ "Inaleta uvivu." Familia ndogo na zile zinazoongozwa na wanawake ziliongeza mifugo wadogo kama mbuzi na kondoo. Mtu aliyekata tamaa ya kazi hanunui mbuzi wa kulisha. Pesa kidogo ya uhakika ilimpa mtu pa kuanzia.

9/ "Wasichana wanazaa ndio wapate." Utafiti ulikuta kinyume kabisa. Kati ya wasichana na wanawake wa miaka 12 hadi 24, uwezekano wa kupata mimba ulishuka kwa kama pointi 5 za asilimia. Vijana pia walichelewa kuanza ngono. Halafu hii pesa hailipwi kwa kuhesabu vichwa. Familia yenye yatima mmoja na yenye sita zinapata kiasi kile kile, kwa hivyo kuongeza mtoto hakuongezi hata shilingi.

10/ "Ni sisi tuliileta." Mpango ulioanza 2004 umepitia mikononi mwa serikali kadhaa, kila moja ikiongeza kitu chake. Na tangu Katiba ya 2010, kifungu cha 43, Dola ina wajibu wa kuwapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Hakuna haja ya nyanya kumshukuru mtu jukwaani kwa kitu ambacho ni haki yake.

11/ Sasa twende kwa swali ambalo halijibiwi kwa mikutano. Katika mwaka wa fedha wa 2011/12 kiwango kilipandishwa hadi 2,000 kwa mwezi. Kikakwama hapo. Tangu wakati huo bei za vitu kwa jumla zimepanda zaidi ya maradufu. Mwaka wa 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200. Piga hesabu: pesa ya mwezi mzima, pakiti zisizofika kumi, kabla ya mafuta, sabuni ama daftari.

12/ Na kiasi kina maana. Tathmini hizo zilikuta faida kubwa iko kwa familia ndogo, ambapo 1,500 ya wakati ule ilifikia kila mtoto kwa kiasi cha maana. Penye watoto wengi ilimwagika kama chumvi baharini. Sasa thamani yenyewe imeshuka, na malipo yakichelewa miezi, nyanya amekopa dukani na deni linamngoja.

13/ Kwa hivyo pesa hii imepunguzwa zaidi ya nusu, bila mswada, bila kura bungeni, bila mtu kusimama kujitetea. Bei zilipanda, viongozi wakanyamaza, basi. Wakati huo sisi huku mtandaoni tunagombania nani aliileta.

14/ Akija kuomba kura, muulize mambo matatu. Utapandisha kiwango hadi ngapi? Kitakuwa kikifuata bei za vitu kila mwaka? Na familia yenye watoto sita itaendelea kupata sawa na yenye mmoja? Akijibu "ni sisi tuliileta," jua hajajibu.

Mwenye swali ama anayepinga, karibu hapo chini. Tujadiliane kwa hoja, bila matusi.