Kijiti na ua: historia ya muhogo uliotembea na watu wa Kongo

Katika kambi nyingi za wakimbizi wa ndani hapa mashariki mwa Kongo, bugali inapikwa kwa unga wa muhogo na mboga yake ni sombe. Lakini familia inaporudi kijijini na kukuta shamba limeng'olewa lote, kazi ngumu si kupata jembe tu. Swali linalowaumiza vichwa wazee ni hili: miti ya kupanda itatoka wapi? Jibu lake lina historia ndefu, nayo inaanzia katika namna muhogo unavyozaa.

Muhogo unazaa kwa njia mbili. Ya kwanza kila mkulima anaijua. Unakata shina lililokomaa, unatoa kijiti cha urefu wa shubiri moja hivi, chenye macho matano au zaidi, unakifukia. Macho yanachipuka, mizizi inashuka, mmea mpya unasimama. Mmea huo hauna baba. Ni mama yuleyule aliyekatwa na kuendelea kuishi mahali pengine. Kama mama alikuwa mtamu, mtoto ni mtamu. Kama mama alikuwa mgonjwa, mtoto anazaliwa mgonjwa.

Njia ya pili wengi hawaiangalii, kwa sababu iko juu kwenye ua. Muhogo una maua ya kiume na ya kike kwenye mti mmoja. Ya kike hufunguka kwanza, ya kiume hufuata siku kadhaa baadaye. Nyuki wanabeba unga wa maua, unaoitwa chavua, toka mti huu hadi ule. Kisha kinatokea kitunda chenye mbegu tatu, ambacho kikikauka kinapasuka na kuzirusha. Mbegu hizo zinaota, lakini kila moja ni mtoto wa baba na mama, hafanani kabisa na yeyote kati yao. Mmoja anaweza kutoa mihogo mikubwa, mwingine midogo na michungu.

Muhogo wenyewe tunaoula hauoti. Hauna macho ya kuchipuka. Ndiyo maana familia inayokimbia na gunia la mihogo imebeba chakula cha siku chache, bali ile iliyofunga vijiti kumi kwenye mzigo imebeba shamba.

Mmea huu si wa asili ya Afrika. Watu wa Amerika ya Kusini, upande wa msitu wa Amazon, ndio walioufuga maelfu ya miaka iliyopita. Katika karne ya 16 Wareno waliuleta toka Brazili hadi pwani ya Kongo, karibu na mlango wa mto. Toka hapo ulipanda na wafanyabiashara wa mtoni, kijiji kwa kijiji. Kijiti kilisaidia sana safari hiyo, maana kikiwekwa kivulini kinakaa wiki kadhaa bila kufa.

Watu waliupenda kwa sababu ambayo wakimbizi wa leo wanaielewa haraka. Mahindi yakiiva lazima uvune, na ghala likichomwa njaa imeingia. Muhogo unakaa ardhini miezi mingi ukimsubiri mwenyewe. Utawala wa Wabelgiji nao uliliona hilo. Toka mwaka 1917 sheria iliwalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyoamriwa, hadi siku 60 kwa mwaka. Pamba ilikuwa ya kuuza, na muhogo ukawa mmoja wa mazao ya kulimwa kama akiba ya njaa.

Lakini faida ya kijiti ina gharama yake. Shamba lililopandwa vijiti vya mti mmoja ni kama mtu mmoja aliyejirudia mara elfu. Adui akijua kumshinda mmoja, amewashinda wote.

Adui wa kwanza kujulikana ni mozaiki, ugonjwa unaokunja majani na kuyatia mabaka ya manjano. Uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Unabebwa na inzi wadogo weupe, na pia na mkono wa mkulima anayekata vijiti vya mti mgonjwa na kumgawia jirani kwa moyo mwema.

Adui wa pili alionekana mwanzoni mwa miaka ya 1970, upande wa Kinshasa na Brazzaville: mdudu mdogo mweupe kama aliyepakwa unga. Mdudu huyo naye anazaa bila dume. Jike moja linatosha kuanzisha taifa zima, kwa hiyo alienea haraka katika nchi nyingi za Afrika. Hakushindwa kwa dawa. Mwaka 1981 watafiti walipata nchini Paraguay nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya mdudu huyo, wakamleta Afrika na kumwachia mashambani. Hans Rudolf Herren, Mswisi aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Mozaiki ilihitaji dawa nyingine, na dawa hiyo ilitoka kwenye ua. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha Amani huko Tanganyika, watafiti walichukua chavua na kuchanganya muhogo na ndugu yake wa mwituni, mti wa utomvu wa mpira. Watoto wengi hawakufaa. Wachache walikuwa na nguvu ya baba na mihogo ya mama. Mbegu za kazi hiyo zilifika Nigeria, na kituo cha Ibadan, kilichoanzishwa mwaka 1967, kiliziendeleza. Mozaiki kali ilipoibuka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 na baadaye kuvuka hadi Kongo, aina zilizotokana na ukoo huo ndizo zilizorudisha muhogo katika mashamba mengi.

Mtoto mzuri akipatikana kwa ua, anaongezwa kwa kijiti ili asibadilike. Ua linatafuta, kijiti kinahifadhi. Wakulima wa zamani walilijua hilo bila shule: mche uliojiotea wenyewe shambani waliuacha ukue, wakauonja, na ukiwa mzuri waliukata vijiti na kuupa jina. Kwa njia hiyo zilipatikana aina nyingi za vijijini.

Vita vinakata mnyororo huo. Kijiji kikikaa tupu, aina ambayo bibi fulani aliitunza inaweza kupotea moja kwa moja, kwa sababu haiko ghalani wala dukani. Iko kwenye shina tu.

Kwa anayerudi shambani, au anayepewa vijiti kambini, mambo ni machache. Atazame majani kabla ya kukata: yaliyojikunja au yenye mabaka ya manjano, mti huo aupite. Achukue sehemu ya katikati ya shina lililokomaa. Asipande aina moja tu, hata kama ndiyo inayosifiwa. Na akikuta mche uliojiotea kando ya shamba, asikimbilie kuung'oa. Huenda ndio utakaosimama ugonjwa mwingine ukija.