Muundo mmoja, skima nyingi

Kampuni inayouza programu ya hesabu kwa vyama vya akiba na mikopo lazima iamue mapema taarifa za kila SACCOS zitakaa wapi. Njia mojawapo inayopendwa na wanaotumia PostgreSQL ni kukipa kila chama skima yake ndani ya hifadhidata moja. Walimu wana yao, wavuvi yao, bodaboda yao, na ndani ya kila moja mna majedwali yaleyale: mwanachama, hisa, mkopo, rejesho. Safu ni zilezile, aina za data ni zilezile. Kinachotofautiana ni yaliyojazwa humo.

Neno skima lina maana mbili ambazo wataalamu huzibeba pamoja bila kusema wanazungumzia ipi. Katika nadharia ya hifadhidata ni mpangilio wa majedwali: yana safu zipi, za aina gani, zinashikanaje. Kwa maana hiyo "muundo" linatosha kabisa. Lakini PostgreSQL ikiambiwa iunde skima, haigusi umbo la chochote. Inatenga eneo la majina ili mkopo wa walimu usigongane na mkopo wa wavuvi, kama mtaani Juma wawili wanavyotajwa kwa majina ya baba zao. Oracle huifunga skima kwa mtumiaji anayeimiliki. Kwa MySQL, skima na hifadhidata ni kitu kimoja. Mfasiri anayeandika "muundo" kila mahali atafika kwenye sentensi inayosema majedwali yana muundo mmoja katika miundo mbalimbali, na msomaji atafunga kitabu. Kwa hiyo naliacha "muundo" lihusu umbo, na "skima" ihusu mahali. Isichanganywe tu na skimu ya umwagiliaji.

Istilahi ya pili ni ile inayofupishwa ORM, yaani object-relational mapping. Naiita uoanishaji wa vitu na majedwali. Wapo watakaoona "ramani" humo ndani, ila hakuna ramani hapa: kuoanisha ni kuviweka pamoja viwili vinavyolingana, klasi na jedwali, sifa na safu, kitu kimoja na mstari mmoja. Je, "mahusiano" yamepotea? Hayajapotea. Edgar Codd alipoandika mwaka 1970 kuhusu modeli yake ya mahusiano, uhusiano aliouzungumzia ulikuwa wa kihisabati, ambao kwa mtumiaji ni jedwali lenyewe, wala si nyuzi zinazounganisha jedwali hili na lile. Ukisema majedwali umeshasema.

Sasa tatizo lenyewe. Klasi Mkopo huoanishwa na jedwali mkopo mara moja, programu inapowashwa. Ukiandika jina la skima palepale, itakubidi uwe na klasi MkopoWalimu, MkopoWavuvi, MkopoBoda, zote zikinakili mistari ileile ya programu. Chama kipya kikijiunga, unaandika nyingine. Huo ni upuuzi. Klasi inapaswa kujua muundo tu; skima ijazwe wakati wa kutuma amri.

PostgreSQL ina mpangilio uitwao search_path, yaani orodha ya skima za kutafutwa jina likitajwa peke yake. Iweke iwe skima ya wavuvi, na "mkopo" itakuwa mkopo wa wavuvi. Ni rahisi, na django-tenants hufanya kazi kwa njia hiyo. Hatari yake ni kwamba mpangilio huo hukaa kwenye muunganisho. Programu nyingi huazima miunganisho iliyo tayari na kuirudisha. Anayeazima baada yako, asipoupanga upya, atasoma vitabu vya wavuvi huku akidhani ni vya walimu. Kuuweka kwa SET LOCAL hupunguza hatari, maana hufutika muamala unapokwisha.

SQLAlchemy, tangu toleo 1.1 la mwaka 2016, ina schema_translate_map. Klasi inaachwa bila skima, na kila muunganisho au injini inapewa maelekezo: pasipo na skima, weka saccos_wavuvi. Amri inayotoka inakuwa na jina kamili, saccos_wavuvi.mkopo, hata kwenye kumbukumbu za seva unaliona. Naipendelea hii. Ila amri uliyoiandika mwenyewe kama maandishi matupu haiguswi, hivyo jina lake ni juu yako.

Kuna mtego mwingine. Sesheni ya uoanishaji huvitambua vitu kwa klasi na ufunguo wa msingi. Soma mwanachama namba 7 wa walimu, kisha kwa sesheni hiyohiyo ubadili maelekezo na usome namba 7 wa wavuvi. Hifadhidata italeta mstari sahihi wa wavuvi, lakini sesheni itasema namba 7 ninaye tayari, na kukurudishia mwalimu. Hakuna kosa linaloonekana, kuna salio lisilo lake tu. Kila skima na sesheni yake, na ikifungwa isitumike tena.

Wanaoona yote haya ni mzigo huweka vyama vyote kwenye jedwali moja lenye safu ya namba ya chama, na PostgreSQL 9.5 kuendelea inaweza kuzuia mistari kwa sera. Ni njia nzuri, hasa kwa maelfu ya wateja wadogo. Skima zinafaa pale chama kinapoweza kudai nakala ya vitabu vyake pekee.

Kazi kubwa huanza siku ya kubadili muundo. Kuongeza safu ya riba_ya_adhabu kunarudiwa skima kwa skima, na ikikwama katikati, nusu ya vyama vinayo na nusu havina, ilhali klasi ni moja na inaiomba kwa wote. PostgreSQL huruhusu mabadiliko hayo kufanyika ndani ya muamala, kwa hiyo kila skima hubadilika yote au isibadilike kabisa. Kilichobaki ni kuandika namba ya toleo la muundo ndani ya kila skima, programu iikague kabla mhasibu wa chama hicho hajafunguliwa mlango.