Alireza Marandi

Alireza Marandi (alizaliwa Isfahan, 1939) ni daktari bingwa wa watoto wachanga, mtetezi wa unyonyeshaji, na aliyekuwa waziri wa afya wa Iran mara mbili: 1984–1989 na 1993–1997. Tuzo ya Idadi ya Watu ya Umoja wa Mataifa, aliyopewa mwaka 1999, ilimtangaza kwa uzazi wa mpango. Lakini kazi yake kubwa zaidi ni mtandao wa nyumba za afya, uliotandazwa vijijini huku vita na Iraki vikiendelea. Humo wahudumu waitwao behvarz, wenyeji wa maeneo hayo hayo, walichanja watoto, wakapima wajawazito na kuandika kila uzazi na kifo.

Wapo wanaopinga sifa hiyo wakisema kwamba mfumo huo ulijaribiwa Azerbaijan Magharibi kabla ya mapinduzi ya 1979, na kwamba uzazi ulianza kushuka kabla ya mpango wa kitaifa wa uzazi wa mpango wa 1989, wasichana walipozidi kusoma. Yote mawili ni kweli. Hata hivyo, jaribio la mkoa mmoja haliifikii nchi nzima, na mama aliyesoma bado anahitaji mahali pa karibu pa kupata vidonge bure. Ndiyo maana uzazi ulipopungua kutoka watoto zaidi ya sita kwa mwanamke hadi takriban wawili kufikia mwaka 2000, ulishuka kwa kasi vijijini pia, si mijini tu.