Connie na mlango wa wavu

Wengi wakimsoma Connie huishia kwenye kioo. Ana miaka 15, anajipenda, ana tabia moja ya nyumbani na nyingine ya mtaani, na mama yake hachoki kumsema kila akimkuta anajitazama. Basi Arnold Friend anapofika na gari lake la rangi ya dhahabu, msomaji anakuwa na jibu tayari: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mimi naona huko ni kumwonea binti wa watu. Tuanzie hadithi ilikotoka.

Novemba 1965, huko Tucson, Arizona, alikamatwa kijana aitwaye Charles Schmid, aliyewaua wasichana watatu. Alikuwa mfupi, akijaza vitu ndani ya buti ili aonekane mrefu, na ingawa umri wa shule ulishampita, bado alizurura na wanafunzi. Machi 1966 jarida la Life likamwandika kwa kirefu. Mwaka huohuo Joyce Carol Oates, aliyeanzia kwenye habari hiyo, akachapisha “Where Are You Going, Where Have You Been?” katika jarida la Epoch. Buti zile kazivika Arnold; Connie anaziona kabisa kwamba hazikai sawa mguuni.

Ila gazeti lilimzunguka muuaji. Oates anatuweka ndani ya nyumba, pamoja na msichana, wazazi na dada wakiwa wamekwenda kula nyama choma kwa shangazi.

Kati yake na Arnold pana mlango wa wavu tu. Jamaa angeweza kuuchana, lakini hataki. Anataka binti atoke mwenyewe. Silaha yake ni familia: usipotoka, watarudi na kunikuta hapa. Connie anashika simu, anashindwa kupiga, anamlilia mama. Mama yuleyule wa kugombana naye kila siku!

Kisha anatoka. Je, amelegea? Sikatai kwamba hofu imemmaliza; anajiona akisukuma mlango kana kwamba ni mtu mwingine. Lakini akibaki ndani, watakaolipa ni wengine, na hilo kashaambiwa waziwazi. Oates mwenyewe, alipoandika kuhusu Smooth Talk, filamu ya 1985 iliyotokana na hadithi hii, aliona ushujaa katika kitendo hicho.

Filamu inamrudisha Connie nyumbani. Hadithi inamwacha nje, mbele yake ardhi pana yenye jua, asiyoijua.