Kinyunyizio: Jina Moja, Vyombo Vitatu

Kuanzia Juni hadi Agosti mvua huadimika Bujumbura, na nyasi za mbele ya nyumba huko Kiriri, Rohero na Kinindo huanza kukauka. Mwenye nyumba aliyechoka kusimama jioni na mpira wa maji mkononi hutafuta kile ambacho Kifaransa hukiita asperseur. Kamusi za Kiswahili zina jawabu: kinyunyizio. Ni jina zuri, ila limebebeshwa vyombo vitatu visivyofanana tabia, na anayelitaja dukani bila kuongeza neno anaweza kurudi nyumbani na kisichomfaa.

Kunyunyiza ni kutawanya kidogo kidogo, kama marashi yatokavyo kwenye mrashi. Kwa maana hiyo, kinachostahili jina hasa ni kile kisichozunguka: hufukiwa ardhini, maji yakija huchomoza, kikatandaza matone membamba umbali wa mita 2 hadi 5. Presha ya bar 2 hukitosha. Tukiite kinyunyizio tuli. Cha pili, kinyunyizio cha kuzunguka, hurusha mkondo mmoja wa maji huku kikigeuka polepole. Hufika mita 6 hadi 15, lakini hudai bar 3 hivi. Cha tatu ni kile cha mkono unaosukumwa na mkondo wa maji, kisha ukarudi na kukigonga kizunguke, kilichobuniwa na Orton Englehart huko California mwaka 1933. Hicho kiitwe cha nyundo, maana mlio wake unajitambulisha wenyewe. Kinafaa shambani kuliko uani.

Wapo wanaopendelea kusema “kichwa cha kinyunyizio”. Ziada ya bure: kiambishi ki- kimekwisha kutaja chombo. Kinachohitaji jina la pekee ni nozeli, kile kipande kidogo chenye tundu kinachoamua maji yaende umbali gani na kwa pembe ipi.

Tofauti kubwa, hata hivyo, haimo katika umbali bali katika kasi ya kumwaga. Kinyunyizio tuli humwaga kama milimita 40 kwa saa, cha kuzunguka 10 hadi 15 tu. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Uwanja wa mita za mraba 100 chini ya vinyunyizio tuli hunywa lita 4,000 kwa saa moja. Au haunywi. Kwenye mteremko wa Kiriri sehemu ya maji hayo hufika getini kwa jirani kabla udongo haujayapokea, kwa hiyo huko cha kuzunguka ndicho chaguo la busara. Kuvichanganya viwili hivyo kwenye vali moja ni kosa: upande mmoja utakuwa tope, mwingine vumbi.

Kisha kuna tangi. Maji ya bomba yakiwa ya kubahatisha, wengi huweka akiba juu ya mnara, wakidhani urefu ule utasukuma kila kitu. Hesabu haikubali. Mita 10 za kimo hutoa takriban bar 1. Tangi lililo mita 5 juu ya nyasi hutoa nusu yake, presha ambayo hata kinyunyizio tuli haikitoshi. Bila pampu, afadhali mpira wa mkononi.

Hesabu hiyohiyo hugeuka tatizo kwenye kiwanja kinachoshuka. Kinyunyizio kilicho mita 10 chini ya mwenzake hupata bar 1 zaidi, kikatoa ukungu unaopeperushwa na upepo wa ziwani. Na vali kuu ikifungwa, maji yaliyobaki kwenye mabomba huteremka na kutokea kwenye kinyunyizio cha chini kabisa, pakawa na dimbwi kila siku mahali palepale. Dawa yake ni vali ndogo ya kuzuia mtiririko, iliyomo ndani ya baadhi ya vinyunyizio. Ndiyo ya kuulizia dukani kabla ya kulipa.