Bingwa akitamba, uwanja hurefuka: safari ya gofu hadi Diani

Uwanja wa gofu wa Leisure Lodge, Diani, uko upande wa bara wa barabara ya ufuoni, mkabala na hoteli yenye jina hilo. Mashimo yake 18 yamepangwa juu ya ardhi tambarare ya matumbawe. Mibuyu imeachwa isimame ilipoota, na tumbili hawaoni haya kukatiza mbele ya mchezaji aliyelipia saa zake. Ukivuka Likoni ukashuka kusini hadi Msambweni na Lunga Lunga, hukuti uwanja mwingine wa ukubwa huo. Kwa vijana wengi wa Ukunda, kuingia humo maana yake ni kwenda kazini: kufyeka nyasi, kulinda lango, kubeba mikoba ya fimbo.

Kwa umri, uwanja huu ni wa juzi tu. Klabu ya gofu ya Nairobi, ile iliyotunukiwa hadhi ya kifalme mwaka 1935, ilianzishwa 1906. Ya Mombasa, inayotazama mlango wa bahari kutoka Mama Ngina Drive, ni ya 1911. Hizo zilijengwa na wakoloni kwa starehe ya wakoloni, na Mwafrika aliingia kwa mlango mmoja, wa kedi, yaani mbebaji wa mikoba. Leisure Lodge ni ya miaka ya 1990, wakati ambapo gofu ilikuwa imekwisha kuwa bidhaa ya televisheni na mgeni alichagua hoteli kwa kuuliza kama kuna mashimo 18 karibu. Ushabiki huo ulikuzwa na mabingwa wachache waliotamba kiasi cha kulazimisha mchezo wenyewe ubadilike. Mmoja wao alipita Kenya kabla dunia nzima haijamjua.

Mvulana wa ufuoni

Severiano Ballesteros alizaliwa 1957 Pedreña, kijiji cha wavuvi na wakulima kaskazini mwa Uhispania. Klabu ya matajiri ilikuwa jirani tu, naye akawa kedi pale kama kaka zake. Kwa kuwa kedi hawakuruhusiwa kucheza wapendavyo, alijifunzia ufuoni, kwenye mchanga, kwa fimbo moja kuukuu ya chuma namba 3. Wataalamu walieleza baadaye kwamba mikono ile iliyoweza kuutoa mpira popote ulipozama ililelewa na mchanga huo. Kijana yeyote wa Diani anaujua mchanga wa namba hiyo.

Mwaka 1978 Ballesteros alikuja Nairobi na kushinda Kenya Open katika uwanja wa Muthaiga. Mashindano hayo yalikuwa yameanza 1967, Mwingereza Guy Wolstenholme akiwa bingwa wa kwanza, na yalikuwa sehemu ya mzunguko wa Safari uliowaleta Wazungu Afrika kukwepa baridi ya kwao. Mwaka uliofuata Ballesteros alitwaa The Open, mojawapo ya mashindano manne makuu ya gofu, kule Royal Lytham, Uingereza, na mwaka 1980 akawa mchezaji wa kwanza kutoka Ulaya kushinda Masters.

Ushindi wake ulitikisa ramani. Kombe la Ryder, ambalo Marekani ilikuwa ikigombania na Uingereza na Ireland na kulibeba karibu kila mara, lilifunguliwa mwaka 1979 kwa wachezaji wa bara zima la Ulaya. Jack Nicklaus mwenyewe, bingwa wa Marekani, alikuwa amehimiza hatua hiyo ili upinzani upate uhai, na kipaji kilichokuwa kikisubiri nje ya mlango kilikuwa cha Mhispania huyo. Mwaka 1985 Ulaya ililichukua kombe, jambo ambalo halikuwa limetokea upande huo tangu 1957. Kedi wa Pedreña alikuwa amehamisha mpaka wa mchezo.

Pesa, misuli na yadi

Ballesteros alibadilisha ramani. Aliyemfuata alibadilisha takriban kila kitu kingine. Aprili 13, 1997, Tiger Woods, kijana wa miaka 21, baba Mmarekani mweusi na mama Mthai, alishinda Masters katika uwanja wa Augusta National kwa tofauti ya mikwaju 12. Hakuna mtu wa asili ya Kiafrika aliyewahi kushinda mojawapo ya mashindano manne makuu kabla yake. Katiba ya chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani ilikuwa na kifungu cha Wazungu pekee hadi 1961, na Augusta yenyewe ilimpokea mwanachama mweusi wa kwanza mwaka 1990 tu.

Chanda chema huvikwa pete. Kampuni ya Nike ilikuwa imemsaini mwaka 1996 kwa mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 40 kwa miaka 5. Televisheni zilifuata, na pesa zikamwagikia hata waliokuwa wakishindwa naye. Jumla ya zawadi za PGA Tour, ziara kuu ya Marekani, iliyokuwa takriban dola milioni 70 mwaka 1996, ilifikia karibu milioni 280 mwaka 2008.

Wapinzani walianza kuingia gym, kwa sababu Tiger alikuwa amejijenga mwili kama mwanariadha katika mchezo uliozoea vitambi. Vijay Singh wa Fiji, ambaye naye alipitia mzunguko wa Safari na kushinda Nigerian Open mwaka 1988, alifanya mazoezi hadi akampokonya Tiger nafasi ya kwanza duniani mwaka 2004. Wengine walinywea. Mchumi Jennifer Brown, katika utafiti uliochapishwa 2011, alionyesha kwamba wachezaji bora walicheza vibaya zaidi katika mashindano ambayo Tiger alikuwamo kuliko yale ambayo hakuwamo. Wapo wachumi waliokuja kuyapinga mahesabu hayo, lakini waliokuwa uwanjani mwaka 2000, aliposhinda US Open kwa mikwaju 15, wangemwelewa.

Viwanja navyo vilijihami. Augusta ya mwaka 1997 ilikuwa na urefu wa yadi 6,925. Wenyewe waliona kijana anaruka mitego yao, wakairefusha hadi yadi 7,270 kwa ajili ya mashindano ya 2002. Tiger akashinda tena mwaka huohuo. Urefu ulikuwa umewaumiza zaidi wale wasio na nguvu zake. Hata hivyo dunia nzima iliiga, na mashimo marefu yakawa sifa ya kutangaza uwanja. Kurefusha uwanja maana yake ni ardhi zaidi, maji zaidi na nyasi zaidi za kukatwa, na pwani yetu yenye uhaba wa maji huulipia mtindo huo kwa bei yake.

Wimbi lafika pwani

Mwaka uleule wa 1997 Kwale, eneo lenye Diani, ilikuwa na habari nyingine. Agosti 13 ghasia zilizuka Likoni, watu wakauawa, maelfu wakahama makwao, na mahoteli ya Diani yakabaki na vitanda vitupu. Utalii wa jua na mchanga pekee ulionekana wazi kuwa ni kamba nyembamba. Katika miaka iliyofuata, hoteli yenye uwanja wa gofu ilikuwa na neno la ziada la kumwambia mgeni, pamoja na yule wa Nairobi anayeshuka wikendi na fimbo zake.

Upande wa kaskazini, Kilifi, wimbi hilo lilizaa Vipingo Ridge, uwanja uliozungukwa na nyumba za kuuzwa. Aliyeuchora ni David Jones wa Ireland Kaskazini, ambaye aliwahi kushinda Kenya Open mwaka 1989. Desemba 2019 uwanja huo ulipokea Magical Kenya Ladies Open, mashindano ya ziara ya wanawake ya Ulaya. Mjerumani Esther Henseleit, akiwa na miaka 20 na katika mwaka wake wa kwanza wa kulipwa, alimaliza siku ya mwisho kwa mikwaju 64 na kushinda kwa mkwaju mmoja mbele ya Aditi Ashok wa India. Korona ilipopita alirudi 2022 akalitetea taji lake, na mwaka 2024 akanyakua fedha ya Olimpiki Paris. Kenya Open nayo ilipandishwa ngazi mwaka 2019 na kuingia ziara kuu ya Ulaya, kitita kikiwa yuro milioni 1.1.

Ngazi ya kedi

Hadi mashindano ya 2025, hakuna Mkenya aliyewahi kushinda Kenya Open. Aliyekaribia zaidi ni Jacob Okello mwaka 1998, alipofungana kileleni na Ricardo González wa Argentina kisha akashindwa katika mashimo ya ziada. Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa wa kizazi cha Okello na cha Dismas Indiza wa Mumias walipitia njia ya Ballesteros: walibeba mikoba ya wengine kwanza, wakajifunza kwa kutazama.

Hapo ndipo hadithi ya Tiger inapokuwa na funzo chungu. Wengi walitarajia kwamba baada yake wachezaji weusi wangejaa PGA Tour. Hawakujaa. Sababu moja inayotajwa ni kwamba vigari vya umeme viliua kazi ya kedi katika klabu nyingi za Marekani, na ngazi ya mtoto maskini ikaondoka. Hata Augusta, ambako makedi wote walikuwa weusi wa mtaani, wachezaji waliruhusiwa kuja na makedi wao kuanzia 1983, na wenyeji wakapoteza kazi. Bingwa alikuwa amefungua mlango wa mbele wakati ule wa nyuma unapigwa misumari.

Kenya bado ina ngazi hiyo. Makedi wangali wakifanya kazi, na klabu kadhaa huwa na siku yao ya kucheza. Rose Naliaka, mwanamke wa kwanza Mkenya kuwa mchezaji wa kulipwa, alianzisha kituo cha kuwafunza wasichana bila kusubiri bingwa wa ng'ambo awavutie. Kwa Kwale, kazi ni hiyohiyo na gharama yake inajulikana: saa za jioni ambazo uwanja hauna wageni, fimbo zilizotumika, mwalimu mmoja, na nauli ya kumfikisha kijana Nyali au Vipingo kwenye mashindano ya chipukizi. Mashimo 18, watalii na kitita cha yuro tuliletewa na ubabe wa watu wa mbali. Bingwa wa kutoka Ukunda hataletwa na yeyote asipoanza kufunzwa hapohapo Diani, na wenye uwanja, kaunti na chama cha gofu wanayo kila sababu ya kukubaliana nani aanze.