Mgodi wa Calico: Knott's Berry Farm, California

Mlima huu ulio mbele yako si jabali lililoumbwa na Mola, bali ni kazi ya mikono ya Bud Hurlbut, fundi hodari aliyeufungua mwaka 1960 katika bustani ya Walter Knott, ili wageni wapate kuingizwa kwa gari moshi dogo hadi pango kuu, ambamo masanamu ya wachimba madini, yaliyotengenezwa upya mwaka 2014, yangali yakihangaika na mwamba. Calico halisi ni mji wa machimbo ya fedha katika jangwa la Mojave, uliohamwa thamani ya madini hayo ilipoanguka. Knott aliununua mwaka 1951. Tafadhali itazame foleni, ambayo kwa hikima ya ajabu imefichwa nyuma ya miamba, hata afikaye mlangoni asidhani kuwa umati umemtangulia.